Kamera ya joto na neva ya mkono iliyojeruhiwa: picha inatuambia nini hasa?

FizioPwani aliuliza:

Wataalamu wenzangu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya iliyo ukanda wa pwani ya Tanzania, na ninaomba mwongozo wenu kuhusu mgonjwa ambaye hali yake imezua mjadala kati yangu na wenzangu kazini.

Mgonjwa ni kijana anayeezeka nyumba. Wiki sita zilizopita bati lilimkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho. Alikimbizwa kituo cha afya, damu ikazuiwa, ngozi ikashonwa, na jeraha lenyewe limepona vizuri. Hata hivyo kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vimebaki na ganzi, vidole hivyo viwili vimeanza kujikunja, na nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, kwa upande wa mgongo wa kiganja, imeanza kubonyea. Alipoletwa kwangu alikuwa ameandikiwa mazoezi tu.

Hospitali yetu haina mashine ya kupima umeme wa neva na misuli. Fundi anayehudumia paneli zetu za sola ana kamera ndogo ya joto inayochomekwa kwenye simu, naye kwa hisani yake ametuazima. Nilipompiga mgonjwa picha asubuhi, kidole cha mwisho cha mkono ulioumia kilikuwa baridi kuliko mwenzake wa kushoto kwa takribani nyuzijoto mbili. Nilipompiga tena mchana wa siku hiyohiyo, chumba kikiwa kimeshika joto la paa, tofauti ilikuwa karibu imetoweka. Mwenzangu mmoja aliyeziona picha hizo anasema kwamba neva ikikatika ngozi hupata joto wala haipoi, kwa hiyo ubaridi ule ni dalili kuwa neva ni nzima, ila imebanwa na kovu.

Je, hoja hiyo ina msingi? Na je, picha za namna hii zinaweza kutusaidia kuamua iwapo mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa upasuaji, au aendelee na mazoezi huku tukisubiri?

TabibuWaNeva alijibu:

Ndugu FizioPwani, nashukuru kwa maelezo yaliyopangika. Nianze na lililo la haraka zaidi, kwa sababu halihitaji kamera yoyote: mgonjwa huyo apewe rufaa wiki hii. Mtu aliyekatwa na kitu chenye makali, kisha akapata ganzi na udhaifu wa misuli katika eneo lilelile linalohudumiwa na neva inayopita chini ya jeraha, huhesabiwa kuwa neva yake imekatika mpaka daktari wa upasuaji afungue na kuiona kwa macho. Neva iliyoungwa huota kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na misuli iliyokosa neva haisubiri milele; ikipita mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu bila kufikiwa, uwezo wake wa kurudia kazi huwa umepungua sana. Kadiri ncha mbili za neva zinavyokaa mbalimbali ndivyo zinavyojivuta na kushika kovu, hata daktari akalazimika kuziba pengo kwa kipande cha neva kilichotolewa mguuni. Wiki sita zimeshapita, na kila wiki inayoongezeka ina gharama yake kwa mkono huo.

Sasa nije kwenye picha. Kamera ya joto haioni neva. Inachopokea ni miale ya infraredi inayotoka kwenye ngozi, na joto la ngozi ya vidole linategemea zaidi wingi wa damu inayopita humo. Vimishipa vya damu vya ngozi hubanwa na kulegezwa na nyuzi za mfumo wa simpathetiki, yaani sehemu ya mfumo wa neva inayofanya kazi bila hiari yetu, ambazo husafiri hadi vidoleni ndani ya neva zilezile zinazobeba hisia na zinazoendesha misuli. Neva ya ulna, ile inayopita kifundoni upande wa kidole cha mwisho, ikikatwa, nyuzi hizo nazo hukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 mwanafiziolojia wa Ufaransa, Claude Bernard, alikata neva ya simpathetiki shingoni mwa sungura na kukuta sikio la upande huo limepata joto, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kubana mishipa yake ya damu. Wataalamu wa usingizi huliona jambo hilohilo kila siku: dawa ya ganzi ikishika neva za kwapani, mkono hupata joto ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo mwenzako alipopata hoja yake, na kwa siku za mwanzo ni hoja sahihi. Neva iliyokatika leo huacha ngozi yenye joto na kavu, isiyotoa jasho. Hali hiyo haidumu. Baada ya majuma kadhaa vimishipa vilivyopoteza neva huwa vyepesi kupita kiasi kuitikia adrenalini na noradrenalini zinazozunguka katika damu, vikajibana kwa nguvu kuliko kawaida, hasa mgonjwa anapopata baridi. Tena misuli iliyolala haihitaji damu nyingi, na mgonjwa mwenyewe huacha kuvitumia vidole hivyo. Ngozi iliyokuwa ya joto hupoa. Kidole baridi katika wiki ya sita, kwa hiyo, kinaafikiana kabisa na neva iliyokatika, na anayesoma picha bila kuuliza tarehe ya jeraha anaweza kuisoma kinyume chake, kama ilivyotokea hapo kwenu.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Pale kifundoni, ateri ya ulna hupita bega kwa bega na neva ya ulna, na bati lililokata moja huenda lilikata zote mbili. Umesema damu ilizuiwa. Je, ilikuwa damu ya kuruka? Kidole kinaweza kuwa baridi kwa sababu ya ateri peke yake, na kamera haina namna ya kutofautisha. Fanya kipimo cha Allen: mgonjwa akunje ngumi kwa nguvu, ubane ateri zote mbili za kifundo kwa vidole vyako, afungue kiganja kikiwa kimepauka, kisha uachie ile ya ulna tu na uangalie kama rangi inarudi ndani ya sekunde chache. Kwa ngozi nyeusi, tazama kiganja na chini ya kucha.

Kuhusu takwimu, zipo za kuaminika. Mwaka 1985 Sumio Uematsu alichapisha nchini Marekani vipimo vya watu wasio na ugonjwa, akaonyesha kuwa tofauti ya joto kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa mwili ni ndogo sana, wastani wa nyuzijoto 0.24, ilhali kwa wagonjwa wa majeraha ya neva eneo la neva husika lilitofautiana na mwenzake kwa wastani wa 1.55. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitoa vipimo vya watu 90 wasio na dalili: paji la uso 0.18, mguu chini ya goti 0.27, wayo 0.38. Tofauti ya kawaida inakua kadiri tunavyosogea mbali na kiwiliwili, na ndiyo maana sipendi mtu achukue vidole viwili, asome tofauti ya nusu nyuzi, kisha atangaze ugonjwa. Nyuzi mbili ulizozipata wewe si jambo la kupuuzwa, lakini kwanza tuhakikishe zilipimwa katika mazingira yanayofaa.

Na hapo ndipo penye jibu la picha yako ya mchana. Chumba cha kupimia kinatakiwa kiwe na joto la nyuzi 20 hadi 24 hivi, bila upepo wa feni wala jua la dirishani, na mgonjwa akae humo dakika 15 hadi 20 mikono ikiwa wazi, bila kugusana na bila kushika kitu. Asiwe amevuta sigara, amekunywa kahawa, amepaka mafuta au amefanya mazoezi muda mfupi kabla. Katika chumba cha pwani chenye nyuzi 32, mwili wote unahangaika kutoa joto: mishipa ya ngozi imelegea pande zote mbili, na ngozi yenyewe imekaribiana na hewa inayoizunguka. Tofauti inafunikwa. Miongozo mingi ya kipimo hiki iliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hawakulazimika kuliwazia jambo hilo; sisi ni lazima. Kama kuna chumba chenye kiyoyozi, hata kama ni cha maabara au cha kuhifadhia dawa, omba nusu saa.

Mwisho, usitarajie kamera ikupe kile kinachotolewa na kipimo cha umeme. Katika miaka ya 1980 termografia, yaani upimaji kwa picha za joto, ilipigiwa debe sana Marekani kwa maumivu ya mgongo na neva zilizobanwa, hadi ikawa inapelekwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 1989 watafiti wa San Francisco walipoilinganisha na kipimo cha umeme kwa wagonjwa wenye neva zilizobanwa kifundoni na kiwikoni, ilionekana kuwa dhaifu zaidi. Sababu inaeleweka: mgandamizo huumiza kwanza nyuzi nene, zile za kugusa na za misuli, huku nyuzi nyembamba za simpathetiki zikivumilia. Mtu anaweza kuwa na neva iliyobanwa vibaya na picha yake ikawa safi kabisa.

Lakini kipo kipimo kinachochunguza nyuzi hizohizo nyembamba bila gharama yoyote, nami nashangaa kwa nini hakifundishwi zaidi katika vyuo vyetu. Tumbukiza mikono yote miwili katika maji ya nyuzi 40 kwa nusu saa. Ngozi ya ncha za vidole vyenye neva nzima hukunjamana. Ya kidole kisicho na neva hubaki laini. Kilielezwa na daktari O'Riain mwaka 1973, na kinafaa hata kwa mtoto asiyejua kusema anahisi nini. Pima joto la maji kwa kipimajoto, usikisie, kwa sababu kidole chenye ganzi hakitalalamika kikiungua.

FundiSola alijibu:

Mimi si mtu wa tiba. Kazi yangu ni kukagua paneli na mifumo ya umeme kwa kamera hizi, kwa hiyo nitasema juu ya chombo tu.

Kamera za kuchomeka kwenye simu kwa kawaida zina uwezekano wa kukosea nyuzi mbili au tatu katika kutaja joto halisi, lakini zina uwezo mzuri wa kuonyesha tofauti ndogo kati ya sehemu mbili zilizo katika picha moja. Kwa hiyo usipige mkono wa kulia sasa na wa kushoto baada ya dakika tano ukalinganisha namba. Weka mikono yote miwili katika picha moja, umbali mmoja, karibu na katikati ya picha, kwa kuwa pembeni kamera hizi hupoteza usahihi. Iache iwake dakika kadhaa kabla ya kupima, na ukisikia mlio mdogo wa kufunga na kufungua ndani yake, subiri umalizike. Hapo inajirekebisha yenyewe.

Jambo linalowapotosha wengi ni rangi. Programu hujipangia rangi yenyewe kulingana na kitu cha moto zaidi na cha baridi zaidi kilichomo pichani. Ukiwa na mikono miwili tu juu ya meza, tofauti ya nyuzi 0.3 inaweza kupakwa bluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine, mtu akadhani ameona jambo kubwa. Nenda kwenye mpangilio, funga kipimo cha rangi kwa mfano kati ya nyuzi 24 na 36, kitumie hichohicho kila siku, na usome namba badala ya rangi. Kiwango cha utoaji miale kiweke 0.98, ambacho ndicho cha ngozi. Ngozi iwe kavu, pete na saa zivuliwe, na usipige kupitia kioo, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia miale hii, nawe utakuwa unapima joto la kioo.

TabibuWaNeva aliongeza:

Namshukuru fundi, na hapo kwenye 0.98 ningependa kuongeza neno kwa wale wanaohofia kuwa vifaa hivi vilitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Hofu hiyo ina msingi kwa vifaa vingine. Kile kinachobana kidole kupima oksijeni kimeonekana kukosea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa miale ya joto hali ni tofauti. Tangu mwaka 1934 James Hardy wa Marekani alionyesha kwamba ngozi ya binadamu, iwe na rangi yoyote, hutoa miale hii karibu kwa ukamilifu ule ule. Rangi tunayoiona kwa macho haina uzito hapa.

FizioPwani aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimeshazungumza na daktari wa zamu, na rufaa imeandikwa. Mgonjwa ataondoka mwanzoni mwa wiki ijayo. Wakati huohuo nimefanya vipimo mlivyovitaja, nikaongeza cha hisia za mgongo wa kiganja na cha karatasi.

Katika maji ya nyuzi 40, gumba, kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikunjamana sawasawa na vya kushoto. Kidole cha mwisho kilibaki laini kabisa, na cha pete kilikuwa na mikunjo upande unaotazamana na kidole cha kati, upande wa pili hakuna. Sikutegemea mpaka ule uonekane kwa uwazi kiasi kile; mgonjwa mwenyewe aliuonyesha kwa kidole kabla sijasema lolote. Kwenye kipimo cha Allen, baada ya kuachia ateri ya ulna kiganja kilibaki kimepauka mpaka nilipoachia ya pili. Mgonjwa anathibitisha kuwa siku ile damu ilikuwa inaruka. Hisia kwenye mgongo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ni nzuri. Alipoambiwa ashike karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, nami nikaivuta, gumba la kulia lilijikunja kwenye kiungo chake cha mwisho, ishara ya udhaifu wa misuli inayoendeshwa na neva ya ulna.

Picha mpya zilipigwa katika chumba cha maabara chenye kiyoyozi, joto nyuzi 23, mikono yote katika picha moja na rangi zikiwa zimefungwa. Ubaridi wa kidole cha mwisho umerudi, na unaishia katikati ya kidole cha pete. Swali langu sasa ni hili: ikiwa maji ya vuguvugu na kipande cha karatasi vimeeleza yote haya, kamera imeongeza nini?

MuuguziWaMiguu alijibu:

Naomba nijibu swali hilo kutoka upande mwingine, kwa kuwa kazi yangu ni katika kliniki ya kisukari na ukoma, ambako majeraha ya neva hayatokani na bati wala panga.

Kwa wagonjwa wetu, kupima joto la ngozi hakulengi kujua kama neva imekufa. Hilo tunalijua tayari kwa kugusa wayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10. Tunataka kujua ni wapi mguu usiohisi maumivu unaumia hivi sasa, kabla ngozi haijapasuka. Aliyeliwekea jambo hili msingi ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Vellore, India, kisha katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana. Yeye na wenzake walitumia termografia katika miaka ya 1970 kutafuta sehemu zenye joto kwenye nyayo zenye ganzi, kwa hoja kwamba nyama inayopondwa kila siku huvimba na kupata joto kabla ya kuwa kidonda. Tafiti za Lavery na Armstrong kwa wagonjwa wa kisukari, zilizochapishwa Marekani kati ya mwaka 2004 na 2007, ziliwapa wagonjwa kipimajoto cha kutumia nyumbani: sehemu ya wayo ikizidi mwenzake kwa nyuzi 2.2, mgonjwa anapunguza kutembea na kuwasiliana na kliniki. Vidonda vilipungua.

Kwa kazi hiyo hata kamera si lazima. Kipimajoto cha infraredi cha mkononi, mfano wa vile vilivyosambaa wakati wa UVIKO-19, kinatosha, ilimradi kiwekwe kwenye upimaji wa uso wa vitu. Kikiachwa kwenye upimaji wa homa, vingi hubadilisha namba ili ifanane na joto la ndani ya mwili, na mguu wa nyuzi 30 utasomeka kama 36.

Nina ombi kwa wenzangu wa fiziotherapia. Akija mtu ambaye kidole cha mwisho na cha pete vimejikunja na ambaye hana kovu lolote la jeraha, kabla ya kumpiga picha ya joto mpapase juu kidogo ya kiwiko kwa ndani na kutafuta neva iliyonenepa, kisha mvue shati na kutazama mabaka yasiyohisi. Vimelea vya ukoma hustawi katika sehemu za mwili zenye ubaridi, na neva ya ulna hapo kiwikoni ipo karibu kabisa na ngozi. Tanzania, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zinazopewa kipaumbele kwa ugonjwa huu. Dawa mseto hutolewa bure, na neva iliyoanza kudhoofika ndani ya miezi sita iliyopita ina nafasi nzuri ya kuokolewa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa neva. Ikipita hapo, nafasi hiyo hupungua sana.

MamaWaWawili aliuliza:

Samahanini kwa kuingilia, wataalamu. Mwanangu ana umri wa miaka mitatu. Siku tano zilizopita alichomwa sindano ya takoni kwa ajili ya homa, akalia sana, na tangu hapo anaburuza mguu mmoja. Kanyagio linaning'inia anapotembea. Je, picha ya joto inaweza kuonyesha kama neva imeumia, ili nijue pa kuanzia?

TabibuWaNeva alijibu:

Mama, pole sana. Usitafute kamera, mpeleke mtoto hospitali leo, hata kama anaonekana mchangamfu. Sindano ya takoni ikikosea mahali inaweza kuumiza neva kubwa ya mguu, ile ya siatiki, na mtoto akawa kama unavyoeleza. Hata hivyo kila mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla anapaswa kuripotiwa kwenye mfumo wa ufuatiliaji wa polio, hata pale ambapo sindano inaonekana wazi kuwa ndiyo chanzo. Atachukuliwa sampuli mbili za choo zilizoachana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulipolegea, nawe umeshatumia tano. Malawi ilithibitisha mgonjwa wa polio mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya utulivu, kwa hiyo ripoti hiyo si karatasi ya kupitisha muda. Waeleze tarehe ya sindano, upande aliochomwa, aina ya dawa kama unaijua, na kwamba mguu ulianza kuburuzika mara tu baada yake. Wakati mkisubiri, mguu usiachwe uning'inie usiku na mchana: omba kifaa cha kushikilia kanyagio ili kifundo kisikakamae. Na asichomwe tena sindano ya takoni. Kwa umri wake paja ndiyo mahali salama zaidi.

FizioPwani, nirudi kwako. Kwa uamuzi wa rufaa, kamera haikuongeza kitu, na umefanya vyema kuuliza. Mpaka uliouona katikati ya kidole cha pete ni ramani ya neva ya ulna, na hisia nzuri kwenye mgongo wa kiganja inatuambia kwamba jeraha liko chini ya mahali linapochepukia tawi la mgongo wa kiganja, yaani palepale lilipo kovu. Ateri nayo imeziba au imekatika. Daktari wa upasuaji anahitaji kuyajua hayo yote mawili kabla hajafungua, na kipimo cha umeme, ambacho baada ya wiki tatu za kwanza kinaweza kuonyesha misuli iliyokosa neva, kikipatikana huko aendako kitasaidia, kisipopatikana, kisimcheleweshe.

Faida ya picha zako itaonekana baadaye. Baada ya neva kuungwa, mgonjwa atarudi kwako kwa miezi mingi, na kuna kipindi kirefu ambacho hatahisi wala kusogeza chochote kipya. Picha zinazopigwa katika chumba kilekile, kwa mpangilio uleule, zikiwekwa pamoja na mikunjo ya ngozi na uzi wa nailoni, zinaweza kukupa kumbukumbu ya mwenendo wa mkono huo. Usizitafsiri peke yake, kwa kuwa ateri nayo ikiungwa kidole kitapata joto hata kama neva haijaota milimita moja. Na kuna hatari moja ambayo kamera inafaa sana kuikamata: mkono ukianza kuuma kupita kiasi cha jeraha, ukavimba, ukabadilika rangi, na ukatofautiana na mwenzake kwa zaidi ya nyuzi moja katika eneo pana lisilofuata mpaka wa neva moja, fikiria maumivu changamano ya kiungo. Vigezo vilivyokubaliwa Budapest mwaka 2003 vinahesabu tofauti hiyo ya joto kuwa mojawapo ya ishara zake, na tiba yake kuu ya mwanzo iko mikononi mwenu watu wa fiziotherapia.

Kwenye barua ya rufaa andika tarehe ya jeraha, damu iliyoruka, matokeo ya Allen, ya maji na ya karatasi, na hali ya mgongo wa kiganja. Picha ziambatanishe zikiwa na saa na joto la chumba. Ile ya mchana nayo iweke, uandike pembeni kwamba chumba kilikuwa cha moto. Mwambie kijana asiuweke mkono huo karibu na jiko wala kushika sufuria kwa mkono mtupu, na umtengenezee kifaa cha kuzuia vidole viwili visizidi kujikunja kabla hajapanda basi.

FizioPwani alijibu:

Nimepokea, Daktari. Kifaa nitakitengeneza kesho asubuhi, na barua nitaiandika upya nikiwa na mgonjwa mbele yangu, ili niulize tena kuhusu ile damu na niandike maneno yake mwenyewe.